Namba Sita Zilizoingia kwenye Simu ya Marehemu

Gitega, Jumanne alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza kama ninakula vizuri, jua kwanza kwamba ulizaa mtu mwenye bahati kuliko wote waliovuka mpaka na magodoro vichwani mwaka ule tuliorudi. Na si bahati peke yake, akili pia imo. Leo hii nimemzunguka Baba Mdogo. Ndiyo, huyo huyo mdogo wake marehemu Baba, ambaye wewe husema hata jogoo wake hawiki bila kuulizwa sababu. Nimemzunguka kwa simu, nimekaa kwenye kiti changu, mguu juu ya mguu, chai ya maziwa pembeni, naye hajui mpaka sasa kilichompata.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna bahasha ndogo ya kaki niliyoifunga kwa gundi. Usiifungue kabla hujafika mwisho wa barua. Najua utaifungua. Lakini nimekuomba.

Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa mkono wa Kassimu dereva, unaitumia au umeshawagawia majirani kama kawaida yako? Maharage yamepona ile mvua ya mawe? Na yule mbuzi wa pembe moja, bado anaingia kanisani wakati wa sadaka? Mimi ni mzima. Baridi ya Gitega asubuhi inakata masikio, lakini mwili haujambo, na wanasema nimenenepa. Tajiri wangu, Mama Solange, anasema shingo yangu imeanza kufanana na shingo ya mtu anayepewa ulinzi.

Nikueleze kazi yangu tena, maana mara ya mwisho uliwaambia wanawake wa kwaya kwamba mwanao anauza mawingu, na mmoja amenipigia kuuliza bei.

Siuzi mawingu. Mama Solange ni Mkongo wa Uvira, alifika hapa na vitenge viwili na kichwa cha biashara, na sasa ananunua maparachichi kwa wakulima wa Makebuko, Itaba na huko kwetu Gashoho, anayasafirisha nje. Wanunuzi wa nje siku hizi hawali tunda wasilojua limetoka kwa nani. Wanataka kila mkulima awe na faili lake: picha yake amesimama shambani, mchoro wa shamba, idadi ya miti, na karatasi inayoonyesha kwamba shamba ni lake kweli, hajalinyang'anya kwa mtu. Zamani mafaili hayo yalikuwa yakisafiri kwa basi, ndani ya kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kikifika kimeshaokota virusi vya kila duka la njiani. Makebuko walikuwa na orodha yao, Itaba wana yao, Gashoho yao haijafika. Matunda yanaiva, karatasi zinagombana. Ndipo mimi, mwanao wa darasa la saba la kambini na miezi mitatu ya kompyuta, nikamwambia Mama Solange tufungue ghala la mtandaoni.

Chukulia ghala moja la maharage lenye milango mingi. Mlango mmoja uko hapa Gitega kwenye kompyuta yangu, mwingine Makebuko, mwingine Itaba, mwingine uko kwenye tableti ya yule dada anayepima matunda hapo Gashoho. Nikiweka kitu hapa, huko kwenu kinaonekana kabla sijafunga mdomo. Mtu wa Itaba akirekebisha mchoro, kwangu umesharekebishwa. Kazi hiyo inaitwa kusawazisha. Na kila mtu ana ufunguo wa kimo chake: mpimaji anaongeza lakini hafuti, na mnunuzi wa ng'ambo anatazama tu, kama mgeni anayeonyeshwa ng'ombe asiowakama. Vyote vimefungwa kwa maneno ya siri. Mama Solange alipoibiwa simu sokoni, niliufunga mlango wake nikiwa hapa hapa mezani, mwizi akabaki na tochi.

Faili la kwanza nililotengeneza Gashoho lilikuwa la Baba. Utakumbuka. Alivaa koti lake la Krismasi, akasimama katikati ya miche ya parachichi, akakataa kucheka. Halafu nikaitandika kwenye mkeka ile karatasi ya mgawo, nikaipiga picha. Wewe ulisimama mlangoni ukisema mwanga wa simu utaunguza wino.

Ile karatasi, Mama, naijua kwa moyo. Karatasi ya daftari la hesabu, ya miraba. Baba na Baba Mdogo wamegawana shamba la babu mbele ya abashingantahe, wazee wa baraza la kilima, mwaka tuliorudi: upande wa kijito ni wetu sisi tuliotoka Tanzania, upande wa juu ni wake yeye aliyebaki na kulilinda, na mpaka ni ule mstari wa mikaratusi. Vidole gumba viwili vya ndugu wawili chini, kimoja kimeteleza kidogo. Hakuna nakala nyingine. Ndugu hawakuona haja ya nakala.

Sasa Mama, nitakuambia kitu na naomba usisimame.

Jumapili ulinipigia kwa simu ya jirani, ukasema umefungua sanduku ukakuta mchwa wamekula karatasi yote wamebakiza kona moja, na kwamba Baba Mdogo ameanza kusema hapakuwa na mgawo wowote, kwamba mpaka ni ukuta wa nyumba yako, na kwamba Alhamisi mmeitwa mbele ya abashingantahe na mtu wa serikali wa komini. Ulikuwa unapumua kama mtu aliyepanda mlima. Ukasema, "Lakini wewe si unayo kwenye ile mashine?" Nikakujibu kwamba ulale usingizi, karatasi iko salama kuliko pete ya askofu. Nilisema hivyo nimesimama sokoni ninajaribu viatu. Sikuwa nimeangalia.

Jumatatu asubuhi nikaangalia. Haikuwepo.

Nilimtafuta Baba kwa jina la kilimani, kwa jina la ubatizo, na kwa lile jina walilomwandika vibaya kwenye kadi ya ukimbizi. Hakuna. Nikampigia mpimaji wa Gashoho, nikamwuliza kama mvivu tu, eti angalia kwenye tableti yako kama faili la mzee lipo. Akaangalia. Akasema, "Kaka, hata jina halipo. Kama hakuwahi kulima." Nikapiga Makebuko. Halipo. Itaba, halipo. Mikono yangu ikawa baridi mpaka nikaiweka chini ya makalio.

Aliyelifuta ni mimi.

Unakumbuka siku ya kuganduka, tulipomaliza matanga ya Baba, vitu vyake vikagawanywa, na msemaji wa familia akasema mbele ya wote kwamba kuanzia leo marehemu asiitwe tena kwenye kazi za dunia, aachwe apumzike. Yale maneno yaliniingia. Nikarudi Gitega wiki ile ile, Mama Solange akaniambia ghala limejaa, nitoe wasioleta matunda tena. Nikafungua orodha nikakuta mashine bado inamwandikia Baba kila wiki: njoo kwenye mizani, njoo kwenye mizani. Mtu amezikwa, na mimi mwanawe namwita mizanini. Niliona si heshima. Nikamtoa yeye wa kwanza, na nilifanya ishara ya msalaba kabla ya kubonyeza. Marehemu wengine watatu, wawili wa Itaba na mmoja wa Makebuko, nikawatoa vivyo hivyo, kwa msalaba. Nilijiona nimefanya jambo la kiungwana sana. Nilidhani ninawatoa kwenye kompyuta ya Gitega tu, huko vilimani kwao watabaki.

Mimi, Mama, niliyewafundisha watu wazima kwamba ghala ni moja na milango ndiyo mingi.

Sasa sikiliza. Kitu kilichofutwa hakipotei papo hapo. Kinatupwa kwenye kapu, kinakaa humo siku thelathini, halafu mashine inalichoma kapu lenyewe na hakuna fundi duniani wa kukirudisha. Nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya ng'ombe mwenye pembe kubwa, nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu tena kuanzia chini. Jumatatu ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Mwisho ulikuwa leo Jumanne, saa sita mchana.

Na kapu halifunguliwi na ufunguo wangu wa kila siku. Linafunguliwa na ufunguo mkuu, ule tuliofungulia ghala siku ya kwanza. Neno lake la siri ninalo. Lakini ukiliandika, mashine haikuamini, inatuma kwanza namba sita kwenye simu iliyoandikishwa, ndipo uziandike nazo ziwe shahidi. Siku tuliyofungua ghala simu yangu ilikuwa imetumbukia chooni Makebuko, tusirudie hadithi hiyo. Baba alikuwa amekuja Gitega kunitembelea, kakaa pembeni yangu anakula ndizi. Nikaandikisha namba yake. Nilisema nitabadilisha kesho.

Na simu ya Baba unajua iko wapi. Ni mimi niliyesimama siku ya kuganduka, nimeshika chupa ya fanta kama waziri, nikatangaza kwamba simu ya marehemu apewe Baba Mdogo na laini yake ndani, kwa sababu Mama nitamnunulia ile kubwa ya kugusa. Watu walipiga makofi. Wewe bado unaazima ya jirani. Hilo nalo nalijua, usidhani silijui.

Tena nilimkalisha Baba Mdogo siku ile ile nikamfundisha simu. Nilimwambia dunia imejaa matapeli, na kwamba namba zikiingia zenyewe kwenye simu asimsomee mtu yeyote, hata ndugu wa tumbo moja. Alinirudishia maneno hayo mara mbili ili nijue ameyashika.

Nilizunguka meza ya Mama Solange mara tatu ndipo nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini.

"Yeremia, mi sitaki histoire, maneno mingi. Ile karatasi ya baba yako iko wapi?"

"Iko kapuni."

"Na wale wengine watatu?"

"Nao wamo."

"Iko na watoto?"

Nikasema wanao, wote watatu.

"Sasa we ulifikiri mtu akikufa, shamba inakufa naye?" Akaniangalia muda. "Mi nilizika bwana yangu kule Uvira. Papier zake ndiyo zilinifikisha hapa. Mtu ya kufa ndiye wa kwanza kulindiwa karatasi, si wa kwanza kutupwa." Halafu akachukua kalamu yake tena. "Piga simu kwa ule mzee. Na usimudanganye. We unadanganya mubaya, uso yako inafunguka."

Nikamwambia kwenye simu uso hauonekani. Hakucheka.

Jumatatu kutwa simu ya Baba Mdogo haikupatikana. Unajua desturi yake, anaizima kutunza moto wa betri kama vile ataurithisha. Nilipiga mpaka ile sauti ya mwanamke wa mtandao nikaanza kuichukia kama mtu ninayemfahamu. Nilimfikiria Kassimu, aende na gari amtafute, lakini gari lilikuwa Itaba limejaa matunda. Nililala na nguo.

Leo asubuhi nikaanza tena. Saa nne na nusu ikaita.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, Mama. Kwa haraka yangu nilikuwa nimeshabonyeza namba zitumwe kabla ya kupiga. Namba hizo zina umri wa dakika kumi, zikizidi zinakufa. Nikapiga, akapokea, akanisalimu, "Bwakeye neza, mwana wanje," nami nikaitika. Basi. Utamkata vipi mzee? Aliniuliza Gitega inasemaje. Aliniuliza kuhusu mvua. Akauliza tajiri wangu anaendeleaje na kama ni kweli kwamba ni mwanamke. Akanipa pole ya mzee mmoja wa upande wa juu aliyefariki, ambaye mimi nilikuwa simkumbuki, na pole huwezi kuiruka, nikaipokea, nikairudisha, nikauliza aliugua nini. Dakika nne zikaliwa na ndoa yangu, ambayo haipo. Nilikuwa natazama saa ya kompyuta huku nikisema ego, ego, ndiyo Baba Mdogo, tunamshukuru Mungu. Hakuna hata neno moja juu ya shamba. Yeye hakulitaja, na mimi sikulitaja, nalo lilikuwa limekaa katikati yetu kwenye laini kama mtu wa tatu.

Mwishowe nikamwambia, kwa sauti ya redio, kwamba kampuni ya simu inagawa zawadi kwa wateja wa zamani, na kwamba namba sita zilizoingia kwake sasa hivi ndizo tiketi ya redio mpya. Anisomee tu, mimi nitashughulikia.

Nikasikia anabonyeza.

"Zimeingia kweli," akasema. "Lakini si wewe uliyeniambia nisimsomee mtu?"

Nikasema nilimaanisha matapeli.

"Na tapeli anajitambulisha vipi?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Nilipofika mfano wa pili mashine ikaandika kwa nyekundu: muda umekwisha. Chini yake ikaandika kwamba imebaki nafasi moja tu. Nikikosea, mlango utafungwa siku nzima.

Siku nzima, Mama, na kapu linachomwa saa sita. Nikamwambia Baba Mdogo nitampigia tena. Nikakata, nikaweka kichwa mezani. Mama Solange alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akakiweka hicho kikombe mbele yangu, ndiyo ile chai ya maziwa niliyokutajia hapo juu. Sikuinywa.

Saa tano na robo nikapiga mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimejipanga. Nikampigia kwanza, ndipo nikabonyeza. Nikamwambia Baba Mdogo, zile namba zikikaa ndani ya simu zinakunywa moto wa betri, usiku na mchana, ndiyo maana inamlazimu kuizima simu yake. Anisomee nizitoe. Ukimgusa betri umemgusa roho. Akasoma mwenyewe, moja moja, kwa Kirundi, kama anahesabu vifaranga. Umeona akili hiyo?

Mlango ukafunguka.

Kapu lilikuwa na vitu vya ajabu, picha za mizani, barua za zamani, na katikati yao majina manne ya watu wetu. Nikayachagua manne, nikabonyeza rudisha. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka. Umeme ukakatika. Kompyuta ina betri yake, lakini kile kisanduku cha mtandao kinategemea umeme wa ukutani, kikazima taa zote. Saa tano na nusu. Mama Solange akatoa simu yake mwenyewe, ile mpya, akawasha mtandao wake akaiweka juu ya kompyuta kama anabariki, na akasimama hapo hapo mikono kiunoni. Kaduara kakazunguka. Sikuthubutu kugusa kitu. Mama Solange alikuwa anasali kwa Kifaransa, chini chini, na mimi kwa Kirundi, nadhani hata Mungu alihitaji mkalimani.

Saa tano na dakika hamsini simu yangu ikaita. Alikuwa yule dada mpimaji wa Gashoho, na sikumpigia mimi.

"Kaka," akasema, "mzee amerudi. Yuko hapa na koti lake."

Nikainuka nikatoka nje nikasimama jua kali. Sitakuambia nilifanya nini huko nje.

Basi, fungua ile bahasha ndogo. Kama umeshaifungua, rudi ufungue tena kwa heshima. Ndani kuna karatasi ya mgawo, nimeitoa kwenye mashine ya rangi umeme uliporudi na kuifunika kwa plastiki ngumu, mchwa waje na meno ya chuma. Utaona hata miraba ya daftari inaonekana, na kile kidole kilichoteleza. Nyuma nimeandika siku niliyoipiga picha, kama ghala lenyewe linavyoonyesha, na mtu wa komini akitaka kuliona kwa macho, yule dada wa mizani amekubali kuja na tableti. Mshingantahe mmoja wa wale walioandika bado yu hai, mwambie katekista amkumbushe Alhamisi. Pia kuna picha mbili za Baba katikati ya miche. Moja ni yako. Ya pili iweke kando kwanza.

Na ujue kwamba nimeshautengeneza ule ufunguo mkuu. Sasa namba zinaingia kwenye simu yangu, na Mama Solange naye ana ufunguo wa akiba, si kwenye laini ya mtu mwingine. Na marehemu tumewapa chumba chao ghalani. Humo mtu anaingia, anatazama, anachukua nakala, lakini hakuna anayeweza kufuta, hata mimi. Hasa mimi, alisema Mama Solange. Leo alasiri nimewapigia watoto wa wale wengine watatu, waje wachukue nakala zao. Mmoja hakujua hata kama baba yake alikuwa na karatasi.

Nisalimie dada yangu na shemeji, na waambie mtoto wao aliyezaliwa nimempa jina langu la pili, wapende wasipende. Msalimie katekista, mwambie ile miwani nitamletea. Wanawake wa kwaya wote, mawingu bado hayajashuka bei. Yule jirani mwenye simu, mshukuru sana na umwambie avumilie kidogo, maana simu ya kugusa hiyo inakuja, safari hii sisemi mbele ya watu. Kassimu atakufikishia barua hii kesho kabla ya mchana, mpe uji, anaanza safari bila kula.

Nakushika miguu, Mama. Mungu asimame na wewe Alhamisi, akae hata kwenye kiti cha mbele.

Mwanao,
Yeremia

Nilikuwa nimeshaweka jina na gundi iko mkononi. Lakini barua hii utakwenda nayo kichwani mpaka kwenye kile kikao, na siwezi.

Ile ya betri nimeitunga.

Nilipopiga mara ya pili sikutaja betri. Nilifungua mdomo, uongo haukutoka. Ni yeye aliyesema, "Unatafuta ile karatasi ya mgawo uliyoipiga picha." Nikasema ndiyo. "Ya Alhamisi." Nikasema ndiyo. Nilisikia mtu anapasua kuni kwa mbali huko kwake, na mimi natazama dakika zinakwenda. Halafu akauliza kama humo kwenye mashine mna sura ya kaka yake. Nikamwambia imo, amesimama kwenye miche. Akasema yeye hana picha yake hata moja. Walipotengana Baba alikuwa hajaanza kunyoa ndevu, na tuliporudi hakuona haraka ya kupiga picha na mtu aliyekuwa anaishi mita mia kutoka kwake. Kisha akasema, "Andika," akanisomea. Sikuwa nimemwahidi kitu. Alipomaliza aliniuliza kama nimeziandika vizuri au azirudie.

Picha ya pili ni yake. Alhamisi atakaa upande wa pili, na huenda akabisha, simjui moyo. Mpe picha wewe mwenyewe, kabla hujaiweka karatasi mezani.

Sikumzunguka mtu, Mama. Alijua ni karatasi gani, akanisomea namba zote sita.